Shiraz ya Ukwaju

Nyumbani kwetu Malindi ya Unguja siku hizi mtu hanywi kitu akamshukuru Mungu yakaisha. Ukishika bilauri tu, mpwa wangu kakukodolea macho. "Mjomba, ngoja, usinywe kwanza. Itikise. Sasa inuse." Ukwaju wa mama yangu naunywa tangu sijaota meno, leo naambiwa niukague kama hati ya nyumba ya wakfu.

Chanzo cha balaa ni kwamba kijana kapandishwa cheo. Hoteli anayofanyia kazi, moja kati ya hizo za Shangani zenye mkahawa juu ya paa, imemtoa kwenye kubeba sahani ikamtia kwenye mvinyo. Na mvinyo wenyewe hajauonja hata tone, wala hana nia hiyo. Sala tano hazimpiti, na Ramadhani ikiingia huyo ndiye wa mwanzo kwenye tarawehe. Basi anachofanya ni kuhifadhi. Kapewa karatasi yenye sifa za kila chupa, naye anazirudia usiku kucha chumba cha pili na ukuta mwembamba: "Shiraz. Mwili mnene. Matunda meusi. Pilipili manga, karafuu, moshi kwa mbali, ngozi mwishoni."

"Ngozi ya nini?" mama akauliza kutoka jikoni. "Makubadhi?"

Mafunzo kwa vitendo tunafanyiwa sisi. Anatia ukwaju kwenye glasi ya mguu, robo tu, maana ati glasi haijazwi. Anaishika kwenye kijiti, si kwenye tumbo, vidole visiipashe moto. Anailaza mbele ya foronya nyeupe kuangalia rangi ukingoni. Anaizungusha, kisha anatuonyesha matone yanavyoteleza ndani ya kioo na kutuambia hayo yanaitwa miguu. Anatia pua ndani mpaka nyusi. Anapiga funda, analisukutua kama mtu anayetia udhu, halafu analitema kwenye bakuli.

Hapo ndipo mama alipotoka jikoni na mwiko. Kutema ukwaju uliotiwa sukari ya kununua! Kijana akajitetea kwamba waonjaji wakubwa duniani hutema, wasije wakalewa kabla ya kumaliza kazi. Mama akamwambia hao watu wazima wanaolipwa kutema akawatafute huko huko, bakuli lile ni la kutilia tambi.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa jina. Mama kwao Makunduchi, Mshirazi wa kuhesabu mababu, na msikiti wa Kizimkazi Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107 anauzungumzia kama chumba cha nyuma cha nyumba yao. Aliposikia kuna chupa inaitwa Shiraz akataka kujua nani alimwomba ruhusa. Mpwa akasema hata yeye kafundishwa kwamba zabibu ile imetoka Uajemi, na wageni wanapenda kuhadithiwa hivyo juu ya paa, bahari ile pale, jahazi lile pale.

Nikaona niingilie, maana hadithi tamu zina bei yake. Zabibu ile ni ya Ufaransa, bonde la mto Rhône, na wenyewe wanaiita Syrah. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilipimwa vinasaba, ikabainika wazazi wake ni zabibu mbili za huko huko, Dureza na Mondeuse Blanche. Australia ilifika ndani ya mkusanyiko wa miche wa James Busby, mwaka 1832. Uajemi haina mjomba wala shangazi. Sisi tuliochekwa miaka yote na wanahistoria, kwamba Ushirazi wetu ni majigambo ya mwambao, tulipopimwa mambo yakawa mengine. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mifupa ya watu wa kale wa pwani, kuanzia Manda na Mtwapa hadi Kilwa, ukaonyesha akina baba wa Kiajemi na akina mama wa Kiafrika wakichanganya damu tangu kama mwaka 1000 hivi. Zabibu imefeli, mwambao umefaulu. Mama nilipomsomea alinitazama tu. "Kwani mie nilikuwa nangoja karatasi?"

Na kama ni ubora, mwulizeni Max Schubert wa kampuni ya Penfolds. Alianza kujaribu Shiraz yake iitwayo Grange mwaka 1951. Walioonjeshwa wakaikunjia nyuso, na mwaka 1957, wakati sisi hapa tunaunda chama cha Afro-Shirazi, yeye akaamriwa na wakubwa wake aache upuuzi ule. Akaendelea kwa siri. Zile chupa za mwanzo zilipolala miaka zikanyweka vizuri, amri ikafutwa, na leo chupa moja ya Grange inauzwa mamia ya dola. Kwa hiyo waonjaji waliotema kwa chuki na wanaotema kwa heshima wanafanya kazi moja.

Kuna na hili la joto. Karatasi ya mpwa wangu inasema mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba. Chumba cha nani? Hao walioandika wana vyumba vya mawe chini ya ardhi, nyuzi 16 au 18. Chumba cha Shangani mwezi wa kaskazi, umeme umekatika na feni imesimama, kinaivisha embe. Kijana akapeleka chupa kama karatasi ilivyoagiza, mgeni akasema supu hii sikuagiza. Kesho yake akaitumbukiza kwenye ndoo ya barafu, mgeni mwingine akamfundisha adabu kwamba mwekundu haupozwi. Mshahara ni ule ule. Nafuu tuliipata mapema 2024 tu: pombe ilipoadimika mahotelini kwa mvutano wa vibali vya uagizaji, wafanyabiashara walilia. Mie sikulia. Kijana alikuwa anarudi mapema, tukapata kunywa chai kwa amani.

Lakini linaloniuma hasa ni pilipili manga. Ile harufu wanayoisifia ndani ya Shiraz si mashairi. Watafiti wa Australia walieleza mwaka 2008 kwamba ni kemikali iitwayo rotundoni, ile ile iliyomo ndani ya pilipili manga. Na karibu mtu mmoja kati ya watano haisikii kabisa, hata umtilie puani. Hesabu basi meza ya watu kumi juu ya paa: wawili pale hawasikii kitu, na wote kumi wanatikisa vichwa. Mpwa wangu anasema hajaona hata mmoja aliyesema sisikii.

Mmoja wa wageni hao hao wa juu ya paa asubuhi alipelekwa Kizimbani kwenye mashamba ya viungo. Kachumiwa pilipili manga mbichi kwenye mti wake, kasuguliwa jani la mdalasini, kaonyeshwa iliki ilivyojificha chini ya shina. Kavishwa kofia ya makuti, kapiga picha. Mwenye shamba alipomletea kipakiti cha elfu tano, mgeni akakumbuka ushauri wa kitabu cha safari kwamba Afrika lazima ushushe bei, akatoa elfu mbili. Usiku akapanda juu ya paa, akalipa pesa ya gunia la mchele kwa chupa inayonukia pilipili manga kwa mbali, na bei hakuuliza.

Mama alichambua karafuu na makonyo miaka mingi alipokuwa ameolewa huko huko Kizimbani. Karafuu iliyonyeshewa kwenye jamvi anaitambua kabla hujafungua kipolo. Hakuna hoteli iliyowahi kumwita afundishe mtu kunusa. Mpwa wangu ndiye aliyegundua, na sasa kila sifa anayoihifadhi anampelekea bibi yake ampe kitu chenyewe anuse: moshi ni kifuu kilichoungua, matunda meusi ni zambarau, ngozi ni hayo hayo makubadhi ya babu. Wasimamizi wake wanamshangaa kaipata wapi pua hiyo na hajaonja.

Enyi wenye mahoteli, iwekeni hiyo Shiraz yenu, biashara yenu. Lakini kando ya glasi tieni kijisahani cha pilipili manga na karafuu za hapa, mgeni anuse kinachosifiwa. Mkivinunua, nunueni shambani, na mkulima wa Kizimbani akitaja elfu tano, mpeni elfu tano yake.