Dharau ya Potwe

Katika hofu zote anazojitwika mwanadamu, hofu ya papa ina ajabu yake, kwa kuwa aghalabu huwashika kwa nguvu zaidi wale ambao hawajapata kumwona papa akiwa hai. Watu wanaouawa na papa duniani kote, kwa upana wote wa bahari zilizopo, katika miaka mingi hawafiki kumi na watano. Ilhali mbu, ambaye tunampiga kofi huku tukiendelea na mazungumzo yetu, huua kwa malaria peke yake watu wa kuhesabiwa kwa malaki kila mwaka. Hesabu hii nilikuwa nikiitoa barazani kwa ufasaha mkubwa, na wasikilizaji wangu wakiikubali, lakini haikupata kunifaa kitu chochote mara maji yalipopita kiuno.

Nimezaliwa Unguja, na katika udogo wangu papa nilimjua kwa sura moja tu, nayo ni kipande kikavu cha chumvi, kilichochomwa, kikachambuliwa, kikatiwa tui, harufu yake ikitangulia mtaa wa pili kuwaarifu majirani kuwa leo kwetu kuna neema. Mpaka hapo hapakuwa na uadui baina yetu, au kama ulikuwapo, ulikuwa wa upande mmoja. Fitina ililetwa na sinema. Mwaka 1975 Steven Spielberg alitoa filamu ya Jaws, iliyotokana na riwaya ya Peter Benchley, nami niliikuta baadaye katika kanda ya video sebuleni kwa jirani, tumebanana watoto mkekani, na tangu usiku ule nikawa naoga pwani kwa kusimama. Nilikuwa mtu mzima niliposoma kwamba papa wa filamu ile alikuwa mtambo, na kwamba mtambo wenyewe ulikuwa ukiharibika ovyo katika maji ya chumvi, hata mwongozaji akalazimika kumficha mnyama wake sehemu kubwa ya hadithi na kuwaachia muziki na maji kazi ya kututisha. Basi miaka yote ile, mimi mwana wa pwani, niliyerithi bahari kwa babu na babu, nilikuwa nakimbia mashine mbovu. Benchley mwenyewe alitumia sehemu kubwa ya umri wake uliobaki kuwatetea papa, lakini utetezi ule ulichelewa kunifikia.

Mke wangu amelelewa Mwanza, kando ya ziwa lenye mamba na viboko, na mtu aliyejifunza kuogelea huku akiyatazama matete kwa jicho moja hatishiki upesi na samaki. Yeye ndiye aliyeamua kuwa likizo ya kaskazi tutakwenda Mafia kumtazama potwe, ambaye wengine humwita papa shilingi kwa madoadoa yake, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, anayeweza kufikia mita kumi na nane. Nililetea shauri hilo hoja ya gharama, kisha hoja ya maumivu ya mgongo, kisha hoja ya mvua, na zote zilikataliwa kwa adabu. “Baba watoto,” akaniambia, “samaki asiye na meno ya maana ndiye akukoseshe usingizi?” Sikuwa na jibu la kumpa mbele ya watoto, na kwa hiyo tukapanda kivuko pale Nyamisati, nami nikafika Kilindoni nikiwa nimeirudishia bahari kila nilichokula asubuhi.

Potwe hukaribia pwani ya Kilindoni baina ya Oktoba na Machi, wakifuata uduvi na vijisamaki, na wataalamu wanaowachunguza wanasema kwamba wengi wao ni vijana wa kiume ambao hawajabaleghe, wa mita sita, saba hivi. Habari hii ilitolewa kwa nia ya kutuliza watu. Mimi nimelea vijana wa kiume ambao hawajabaleghe, na sikutulia.

Mashua ilipokwisha kung’oa nanga, kijana aliyekuwa kiongozi wetu alitusomea masharti: usimguse, usimtangulie usoni, usiukaribie mkia, usimzunguke, usimpigie picha kwa taa. Nikasikiliza mpaka mwisho, nikaona kwamba masharti yote yalikuwa ya kumlinda samaki na sisi, na la kutulinda sisi na samaki halikuwapo hata moja. Nikamwuliza kama limesahauliwa. Akanitazama kwa upole akasema, “Mjomba, yeye hajapata kulalamikiwa.”

Kisha yakaja mavazi. Miwani ya kuzamia haikupatana na masharubu yangu, ambayo nimeyatunza kwa heshima tangu ujana, na kila nilipotumbukiza uso kuijaribu katika ndoo, maji yaliingia yakanijaa puani. Nahodha, mzee wa maneno machache, akatoa kikopo cha mafuta ya kujipaka, akanisiliba masharubu yote mpaka miwani ikanata; hivyo nikajikuta nakwenda kukutana na papa nikiwa nimepambwa kuliko nilivyopambwa siku ya harusi yangu. Mapezi ya mpira niliyavaa mapema mno, na katika kutoka tezini kwenda ilipokuwa ngazi nilikanyaga fungu la wali wa nahodha. Hakusema neno. Alivyonitazama tangu hapo nilifahamu kuwa hatasikitika sana nisiporudi.

Mke wangu alikuwa amekwisha kuruka. Mimi niliteremka ngazi kwa hatua za mtu anayesoma kila kidato, nikaushika mrija kwa meno, nikatia uso majini, na katika kijani kile kisicho na mwisho nikazikumbuka, moja baada ya moja, sahani zote za papa wa nazi nilizopata kuzifuta kwa kipande cha mkate. Hapo kitu kikanigusa paja. Lilikuwa pezi la mke wangu, lakini hilo nililijua baadaye. Mrija wa kupumulia hauhifadhi siri, kwani ukelele unaopigwa ndani yake hutoka juu umenyooka na kukuzwa, na waliobaki mashuani walishuhudia kwamba hawajapata kusikia siwa ikipigwa namna ile hata katika arusi za wakubwa.

Naye akaja. Kwanza niliona madoa meupe yakitembea bila mwili, kisha mwili ukadhihirika nyuma ya madoa, na mbele ya mwili kinywa kilichofumbuliwa, kipana kuliko mlango wa banda la kuku. Nikasoma shahada kwa mrija. Potwe alinijia, akanipita kwa kadiri ya urefu wa kitanda, na jicho lake, dogo kuliko nilivyotazamia kwa mwili ule, likaniangalia vile vile lilivyoiangalia kamba ya nanga. Hakugeuka. Hakupunguza mwendo. Uduvi, ambao mia yao hawajazi kijiko, walitafutwa na kufuatwa; mimi, mwenye mwili wa kulisha mtaa, sikuhesabiwa hata katika chakula cha akiba.

Nakiri kwamba jambo hili liliniudhi. Miaka yangu yote nilikuwa nimejijengea itikadi, bila kuitamka, kwamba katika riziki zote zilizomo Bahari ya Hindi, papa akipewa hiari atanichagua mimi, na sasa nilikuwa nimetenguliwa mbele ya mke wangu. Nikaanza kumfuata. Nilipiga mapezi kwa ghadhabu, nikimtaka japo anitupie jicho mara ya pili, na sijui ningefika wapi kama kiongozi wetu hangenikamata kifundo cha mguu na kunikumbusha, kichwa chake kikiwa nje ya maji, sharti la mkia. Tuliporejea mashuani alimweleza mke wangu kwamba kila potwe ana mpango wake wa madoa usiofanana na wa mwingine, kwamba madoa hayo hulinganishwa kwa hesabu iliyotungwa kwanza na wanajimu kwa ajili ya nyota, na kwamba huenda yule tuliyemwona ana namba yake na picha zake kwa watafiti. Mimi sikuulizwa hata jina.

Usiku ule nililala kifudifudi, kwa kuwa jua, ambalo hakuna aliyenionya juu yake, lilikuwa limenichuna mgongo wote nilipokuwa nikimkimbiza samaki. Mke wangu alikuwa kibarazani akimsimulia dada yake wa Mwanza kwa simu. Potwe alipewa nusu ya sentensi. Ukelele wangu ulisimuliwa kwa tafsili, ukarudiwa kwa kuigizwa, ukaongezwa vibwagizo. Nikamsikia shemeji akiuliza kama samaki alishtuka.

“Wala,” akajibu mke wangu. “Hata hakugeuka.”