Mama na Kipimo cha Radoni

Nyumba tuliyonunua Sparkbrook, Birmingham, nyuma ya barabara ya Stratford, ilikuwa na paa jipya na sela kuukuu, yaani chumba cha chini ya nyumba. Paa lilibadilishwa baada ya kimbunga cha 28 Julai 2005, kilichong'oa mapaa na kuangusha miti mtaani; majirani wangali wanakisimulia. Habari za sela hakuna aliyezigusia. Shemeji yangu alishuka mara moja, akapanda ameshaamua: pale watalala vijana.

Mume wangu akakataa. Kwanza tupime radoni. Gesi hii hutokana na urani iliyomo ardhini, haina rangi wala harufu, na hupenya kwenye nyufa za sakafu. Nje hupeperuka, ndani hujikusanya, hasa majira ya baridi, madirisha yamefungwa na hewa ya moto inapanda juu, ikiivuta ile ya chini. Kwa makadirio, inahusika na vifo 1,100 hivi vya saratani ya mapafu kila mwaka Uingereza, na mvutaji sigara ndiye aliye hatarini zaidi.

Fundi wa kuitengeneza sela alicheka. Hayo ni ya Cornwall, alisema. Ni kweli, Cornwall ndiko iliko nyingi, na ramani ya radoni haiitilii Birmingham shaka kubwa. Lakini ramani huzungumzia eneo, haijaingia sela ya mtu.

Vipimo vililetwa na posta: vidude vya plastiki vya kuenea kiganjani, havina waya wala taa. Kimoja sebuleni, kimoja chumba cha kulala, na cha ziada sela. Vikae miezi 3, visiguswe.

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Mombasa, alidaka neno moja tu mezani: sumu. Alfajiri akashuka sela, mtandio puani, akakifunga kipimo ndani ya mifuko na kukitoa nje, kwenye banda la baiskeli. Hakumwambia mtu, asitutie hofu. Kilipoonekana, majira ya baridi yalikuwa yanakwisha.

Shemeji alifoka; fundi ameshapewa arubuni.

"Wajukuu zangu wanapita pale," Mama akasema. "Mlitaka nikae nikitazame?"

Mume wangu akaketi naye, akamweleza kwamba kile hakitoi kitu, kinapokea tu.

"Basi mngeniambia tangu mwanzo."

Alikuwa na haki. Wazee wetu tunawapikia, tunawapeleka hospitali, lakini mambo ya nyumba tunayazungumza juu ya vichwa vyao.

Baridi iliporudi, vipimo vipya vikawekwa na Mama akawa mlinzi. Hata sanduku la nguo halikutolewa sela bila yeye kusimama mlangoni. Majibu: juu shwari, sela bekereli 140 kwa mita ya ujazo. Nchini humu hatua huhimizwa zikifika 200, na lengo ni kushuka chini ya 100. Shemeji akashikilia 200, Mama akashikilia 100, na usiku ule chai ilichemshwa mara kadhaa.

Vijana wanalala juu. Sela imetiwa feni, inapimwa upya, na Mama ameahirisha safari ya Mombasa hadi majibu yatoke.