Bosi Ana Matatizo ya Tembo

Niliposhuka stendi ya Bariadi nilimwambia kijana wa bodaboda anipeleke hoteli. Akanitazama, akalitazama begi, akauliza: "Unataka kula au kulala?"

Swali la haki. Hoteli kwetu ni mahali pa wali maharage. Pa kulala ni gesti, na gesti ikipata geti na mlinzi inapanda cheo kuwa loji. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyetembea: "Nataka mahali pa kufanyia kazi."

Akafikiri kidogo. "Basi twende kwanza ukalale," akasema. "Kazi utaulizia kesho."

Kazi ninayo, ila haina jengo. Nasikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno, kwa ajili ya ofisi moja ya Nairobi ambayo hata mlango wake siujui. Inahitaji vitu vitatu: mtandao, meza na utulivu. Nilikuwa nimeona kwenye simu vijana wa kazi kama yangu wakiwa Zanzibar, kompyuta mapajani, miguu ndani ya bwawa, dafu pembeni. Nikaipiga hesabu ya Zanzibar, nayo ikanipiga. Ndipo rafiki yangu mmoja aliye kwenye biashara ya pamba akanishauri niende Simiyu: vyumba bei nafuu, watu wakarimu, na Jumamosi nashuka Lamadi kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Hakunidanganya hata moja. Habari ya meza sikumuuliza.

Kutoka Mwanza basi lilipita Magu, likafika Lamadi, likaiacha barabara ya Musoma na kukata kulia. Kuanzia hapo ni kama kilomita 70 za lami hadi Bariadi. Ulikuwa mwezi wa sita, pamba inasombwa. Malori yalikuwa yameshiba mpaka yanalalia upande, na miiba ya kando ya barabara ilikuwa imeota ndevu nyeupe za nyuzi zilizodondoka. Moyo wangu ukatulia. Bwawa nilishalisamehe.

Gesti yenyewe sitaitaja. Bango la nje liliahidi vyumba vya selfu, maji ya moto, runinga na waifai. Ndani, juu ya kaunta, kulikuwa na ubao wa sheria za nyumba, na chini kabisa umeandikwa "Bariadi, Mkoa wa Shinyanga". Neno Shinyanga lilikuwa limekatwa kwa kalamu, pembeni pameandikwa Simiyu. Mkoa wa Simiyu ulimegwa mwaka 2012. Ubao haukutupwa, ulirekebishwa. Nikaona hii ni nyumba ya watu waangalifu.

Dada wa mapokezi akafungua kitabu cha wageni. Jina, kabila, utokako, uendako. Hayo yalikwenda vizuri.

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Mwenzako atakuja baadaye?"

"Haji mtu, dada."

"Mmegombana?"

Nikamwambia sijagombana na mtu. Akanipa pole hivyo hivyo. Kisha tukafika kwenye safu ya kazi, na hapo kalamu ikasimama. Wageni wake anawajua kwa mafungu: wanunuzi wa pamba, maofisa wa semina, madereva wa malori, watu wa msiba, na wale wa saa mbili tatu ambao kitabu huwa hakiwachunguzi sana. Mimi sikuwa fungu lolote.

"Kazi yako hasa ni nini, kaka?"

"Nasikiliza watu wanasema nini, halafu naandika."

Akanitazama. "Unawasikiliza tu?"

"Wenyewe huwa hawanioni."

"Halafu unampelekea nani?"

"Wakubwa."

Akashusha macho, akaandika neno moja, akafunga kitabu. Kutoka hapo hadi chumbani alinibebea begi kwa mikono miwili.

Chumba kilikuwa safi, lazima niseme kweli. Kitanda cha tano kwa sita, neti isiyo na tundu, kipande cha sabuni cha ukubwa wa kete ya bao, na kandambili zilizokatwa pembetatu kisiginoni ili asije mtu akazipenda kupita kiasi. Kila kilichokuwemo kilikuwa cha mtu anayelala. Anayekaa hakufikiriwa. Soketi ilikuwa moja tu, juu kabisa karibu na dari, jirani na runinga. Runinga nayo ilikuwa na akili yake: king'amuzi kiko mapokezi, kwa hiyo nyumba nzima tunatazama anachotazama dada. Usiku ule sote, mimi na wanunuzi wa pamba na dereva wa chumba namba nne, tuliona harusi ya Kituruki ikivunjika. Na ilipofika patamu, dada akapata mgeni, akahamia kwenye taarifa ya habari.

Nikarudi mapokezi. "Dada, waifai ipo?"

"Ipo."

"Paswedi?"

"Anayo bosi."

"Bosi yuko wapi?"

Akatazama kushoto na kulia. "Bosi," akasema kwa sauti ya chini, "ana matatizo ya tembo."

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu tembo ni pombe ya mnazi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, na wapo wanaume ambao tembo huwateremsha chini kuliko pale mnazi ulipoanzia. Marehemu mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Nikaelewa kila kitu, hata zile sauti za chini. Kitu kimoja tu hakikunikaa sawa: njia nzima kutoka Lamadi sikuona mnazi. Lakini mlevi, nikajiambia, hakosi njia.

"Yana muda mrefu?"

"Tangu juzi hajarudi nyumbani. Halali kabisa."

"Mpe pole," nikasema, nikanunua bando.

Kesho yake nikaomba meza. "Ya kulia?" akauliza. Nikamwambia ya kuandikia. Alizunguka nyumba nzima, kisha nikasikia kitu kizito kinaburuzwa koridoni. Ilikuwa meza ya cherehani ya mguu, ile ya chuma yenye pedali na gurudumu. Kichwa chake kiko kwa fundi, akanieleza, hivyo meza haina kazi mpaka wiki ijayo. Nikaisogeza hadi chini ya soketi. Waya wa chaja ukaning'inia kutoka darini hadi kwenye kompyuta, na kompyuta ikafanana na mgonjwa aliyetundikiwa dripu.

Kwa saa nzima nilikuwa mtu mwenye furaha Bariadi. Saa tatu tukaanza kikao cha video na Nairobi. Sasa mimi nikiwa na wasiwasi miguu yangu haitulii, na safari hii ilikuwa imekanyaga pedali. Msimamizi akaanza kuuliza habari ya kazi iliyochelewa. Kwichi. Nikaeleza mambo ya mtandao. Kwichi, kwichi. Akauliza itakamilika lini, nami gurudumu likashika kasi, kwichikwichikwichi, meza inatetemeka, uso wangu kwenye skrini unapanda na kushuka kama abiria wa daladala.

"Samahani," akasema msimamizi, "kuna mtu anashona hapo?"

"Ni changamoto kidogo ya mtandao," nikamjibu.

Wenzangu tisa wakanyamaza. Mmoja akaniandikia pembeni kuniuliza suruali nafupisha kwa bei gani.

Mchana dada akaniletea bakuli la matobolwa na chai, kama pole. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vimekuwa vigumu vya kuheshimika. Ni vitamu, na vinashibisha. Ila unavitafunia masikioni. Mahojiano ya dakika kumi niliyasikiliza mara tatu, nikimsikia mama mmoja wa Kisumu anazungumzia bei ya samaki kutoka nyuma ya mashine ya kusaga.

Jioni baa ya jirani ikafungulia muziki. Nikavaa zile kandambili zangu za pembetatu, nikaenda kuomba wapunguze. Sikumaliza sentensi. Muziki ulizimwa wote, nikapewa kiti na soda baridi, na meza mbili za wateja zikakumbuka kwamba zina watoto nyumbani. Nikarudi chumbani nikaandika kwenye daftari langu: watu wa Bariadi ni wasikivu mno. Kwenye korido wanunuzi wa pamba waliponiona walihamia Kisukuma, tena cha kunong'ona. Utulivu niliousafiria nikawa nao. Usiku huo luku ikaisha, na mwenye kununua umeme ni bosi.

Siku ya tatu, alfajiri, mlango ukagongwa. Alisimama mzee mrefu, buti za mpira zina tope hadi magotini, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha siku tatu. Harufu ya pombe sikuisikia, nikasema moyoni, huyu mzoefu.

"Mwangaluka, kijana. Mimi ndiye mwenye nyumba. Nimesikia umefika, nikasema lazima nije nikueleze mwenyewe hali yangu ya tembo."

Ujasiri wake ulinigusa. Nikampa kitanda akae, mimi nikakaa kwenye pedali.

"Pole sana, mzee. Ni kila siku?"

"Usiku tu. Mchana hamna shida."

"Na mama anasemaje?"

"Mama atasemaje? Tunakesha naye."

Nikashika kichwa. "Na watoto?"

"Watoto ndio wanaotangulia na madebe."

"Madebe, mzee?"

"Madebe. Matatu, manne. Na majirani nao wanakuja na ya kwao. Kijiji kizima hatulali."

Nilimfikiria mjomba wangu. Yeye hata katika ubora wake hakupita kibuyu. "Mzee," nikasema, "nisikilize kama mwanao. Haya mambo mtu anaweza kuyaacha."

"Niwaache?" Mzee akanikazia macho. "Niwaache wale mtama wote? Juzi dume moja limenivunjia kihenge kwa mkonga!"

Mkonga. Neno lile lilikaa katikati ya chumba kama mwenye nalo. Nikatazama tope kwenye buti. Nikakumbuka kwamba shamba lake, kama dada alivyowahi kunitajia, liko upande wa Itilima, kule ambako vijiji vinapakana na Pori la Akiba Maswa, na mazao yakikomaa wanyama hawajui mpaka. Madebe hupigwa yapige kelele. Watoto hutangulia kwa sababu wana mbio.

"Kwa hiyo ni tembo," nikasema. "Wale... ndovu."

"Kwani wapo wengine?"

Nikamweleza habari ya minazi. Mzee alicheka mpaka akajifuta macho kwa taulo langu. Kisha akawa mpole. "Basi hiyo uandike pembeni. Ila ya shamba iandike vizuri, wakubwa wako waione. Kuna kifuta jasho, kanuni zake zipo tangu 2011. Fidia siombi, wenyewe hawaiiti hivyo. Nataka jasho tu lifutwe."

"Wakubwa gani, mzee?"

"Ah, kijana, mimi si mtoto. Kitabuni umeandikwa."

Tukaenda mapokezi. Kwenye safu ya kazi, mbele ya jina langu, kwa mwandiko mzuri wa dada: Usalama.

Hapo nikaielewa soda. Nikakielewa Kisukuma cha korido, na begi lililobebwa kwa mikono miwili. Nikajieleza upya, polepole, mbele ya mashahidi. Dada akachukua kalamu, akalikata neno lile kama Shinyanga ya ubaoni, akaandika "Mwandishi (wa watu wengine)". Jioni hiyo baa ilirudisha muziki wake wote, na riba juu yake.

"Sasa mzee," nikasema, "na ile waifai?"

Akakohoa. "Ipo. Ila iko shambani."

Mjukuu wake alikuwa amegundua kwamba kile kidude kina taa ya kijani inayokonyeza usiku kucha. Wakakifunga kwenye mti mpakani mwa shamba, na betri ya sola chini yake, tembo waone jicho.

"Imesaidia?"

"Usiku wa kwanza hawakuja. Wa pili wakaja watatu. Wa tatu wakaja kundi zima."

"Wamepata mtandao," akasema dada bila kuinua kichwa, "wameitana."

Jumamosi Serengeti sikwenda. Nilipanda pikipiki ya mjukuu hadi shambani. Mtama ulikuwa umelala chini kama mkeka uliokanyagwa na harusi nzima, na kwenye tope la mpakani kulikuwa na nyayo za upana wa sinia, kila moja imejaa maji. Kidude kilikuwa juu ya mti, kinakonyeza. Nikawasha simu, na waifai ikajaa mistari yote. Paswedi mjukuu alikuwa nayo kichwani. Ilikuwa jina lake.

Nikakaa chini ya kihenge kilichovunjika, gunia la mtama ndio meza. Hakukuwa na pedali wala runinga ya watu wote. Nikamaliza kwa mchana mmoja kazi ya siku tatu, na Nairobi wakaniuliza nimehamia hoteli gani.

Kabla sijaondoka mzee akarudi kwenye lile lile. "Kwa hiyo wewe kweli kazi yako ni kusikiliza watu na kuandika tu?"

"Tu, mzee."

"Basi si ndiyo niliyokuambia? Andika."

Nimeandika. Walikuja usiku wa kuamkia Ijumaa, kumi na wanne na ndama wawili. Wameingia ekari tatu za mtama na moja ya mahindi. Madebe yalipigwa hadi saa kumi na moja alfajiri.