Mchanga wa Kulipia

Ukifika Namibia, usikubali kurudi hujapanda Dune 45, lile chuguu la mchanga lililo kilomita 45 kutoka lango la Sesriem. Utaamshwa gizani, upande mchanga unaokurudisha nyuma kila unapoinua mguu, ufike juu ukihema, upige picha, ushuke mbio. Hiyo ndiyo raha. Fundi ujenzi angekuomba umbebee ndoo moja tu ya mchanga huo, ungesingizia mgongo.

Deadvlei nako kuna miti iliyokufa karne nyingi zilizopita, imesimama tu kwa ukavu. Watu wanapanda ndege kuja kuipiga picha. Miti hai ya kwetu haina bahati hiyo. Anayeijua ni mchoma mkaa.

Lakini uhondo wenyewe ni Kolmanskop, karibu na Lüderitz. Mwaka 1908, kibarua wa reli Zacharias Lewala alikuwa akiondoa mchanga njiani, akaokota kijiwe kinachong'aa. Mtu mwaminifu, akampelekea bosi wake Mjerumani, August Stauch. Bosi akawahi leseni, akatajirika. Lewala aliendelea kuwa mwaminifu. Mji ukaota jangwani na hospitali yake na kiwanda cha barafu, kisha almasi zikapungua, na kufikia 1956 pakabaki patupu. Sasa mchanga umelala vyumbani, na wewe unakata tiketi kuutazama.

Ukiona kijiwe kinang'aa, pita kama hujakiona. Lewala alikosa zawadi; wewe utapata pingu.