Yah: Ombi la Kuisajili Coaster Yetu Kuwa Ndege

Dirma,
Wilaya ya Hanang,
Manyara.

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA),
Banana, Ukonga,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Anga la Dirma ni salama. Mara mojamoja hupita ndege ndogo ya wamisionari wa MAF ikielekea kiwanja cha Hospitali ya Haydom, ng'ombe huinua vichwa, ikishapita huendelea na majani. Hatujawahi kupata usumbufu wowote kutoka juu. Usumbufu wetu wote uko chini, na ndio unaotufanya tukuandikie.

Tunaomba, kwa unyenyekevu mkubwa, mamlaka yako iisajili Coaster inayotubeba kati ya Dirma na mji wa Katesh kuwa ndege ya abiria: ndege ya mtumba iliyokarabatiwa, ya shirika la bei nafuu, yenye daraja la biashara. Tafadhali usiikunje barua. Wazo hili si letu. Ni la mwenye gari, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa sababu bado tunahitaji kusafiri.

Baada ya mavuno gari lilipotea kwa muda. Liliporudi lilikuwa jeupe, lina mchirizi wa buluu ubavuni, na kando ya mlango pameandikwa kwa herufi za dhahabu BUSINESS CLASS. Tuliokaribia kulipokea tulilitambua kwa kikohozi chake kabla hatujaliona. Ndani, safu mbili za mbele zimeshonewa ngozi nyekundu ya plastiki, na juu ya kila siti kimewekwa kitambaa cheupe chenye lesi, kama vile vya makochi ya sebuleni kwa mchungaji. Bonyeza ngozi hiyo kwa kidole: chini yake ni sponji lile lile la miaka yote, na chini ya sponji ni ile springi ambayo kila mtu wa Dirma ameshawahi kushuka nayo mwilini. Pazia la satini limetundikwa kwenye waya kati ya safu ya pili na ya tatu. Juu ya mlango yamebaki maandishi ya Kijapani. Fundi rangi aliyazunguka kwa brashi, akihofia asije akafuta onyo.

Konda amevalishwa tai juu ya jezi. Abiria wa mbele anaongeza shilingi 3,000, anapewa soda, biskuti na neno "karibu". Abiria wa nyuma anapewa neno "sogea".

Tumefanya utafiti wetu kidogo, maana hatutaki kuonekana washamba. Ndege za Q400 ambazo shirika la taifa, ATCL, lilizipokea Septemba 2016 lilipoanza upya zina siti 76: sita za daraja la biashara, 70 za sisi wengine. Zile za A220-300 zina siti 132, na 12 tu ndizo za mbele. Pazia linafungwa, watu sita wanapewa juisi kwenye glasi, kisha magurudumu yanagusa lami ya Mwanza kwa siti zote 76 dakika ile ile. Ulaya wamekwenda mbali zaidi. Katika safari zao fupi, mashirika mengi hayana hata siti tofauti huko mbele. Ni ile ile ya nyuma, ila ya katikati inaachwa wazi. Yaani abiria analipia mtu ambaye hayupo.

Mwenye gari alipendezwa mno na habari hii. Akaagiza siti ya kukunja ya katikati, ile ya njiani, isikaliwe na mtu upande wa mbele. Ilikaa wazi hadi kituo cha kwanza. Hapo alipanda mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na debe la maharage mkononi. Konda akalitazama pazia, akamtazama mama, akasema: "Mama, ingia tu hapo biashara, lakini biskuti usiguse."

Kuhusu bei nafuu pia tumesoma. Fastjet ilipoanza kuruka nchini Novemba 2012, nauli yake ya kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi iliwashangaza wengi, na wengi zaidi walishangaa walipofika uwanjani na kuambiwa begi lina nauli yake. Sisi hatukushangaa. Konda wetu alikuwa ameligundua jambo hilo zamani. Mbuzi hulipa juu ya keria na mwenye mbuzi hulipa ndani. Tunakumbuka pia kwamba Desemba 2018 mamlaka yako iliipa fastjet notisi ya siku 28, kwa sababu za madeni na upungufu wa ndege. Siku 28, Ndugu Mkurugenzi! Huku kwetu kuna gari lenye deni la dizeli, deni la tairi na deni la fundi bodi, na hakuna aliyewahi kulipatia hata notisi ya saa moja.

Sasa utauliza: kwa nini hamuwaandikii wanaohusika na mabasi? Tulitaka kufanya hivyo. LATRA ina viwango vyake vya nauli, vinaeleweka. Vile vya Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Kwa kilomita kama 168 za kutoka Babati hadi Arusha, tofauti inafika kama shilingi 3,250, na kwa fedha hiyo abiria wa daraja la kati anategemea apate basi la daraja la kati kweli, si lesi. Tulipomwonesha mwenye gari hesabu hiyo alicheka. Akasema daraja la biashara halimo katika orodha ya mabasi, ni daraja la anga, na wa nchi kavu hawana mamlaka nalo. Tumekaa tukalitafakari jibu lake na tukaona mtu huyu ana hoja. Ndiyo maana tumekuja kwako.

Na tukuambie ukweli: hatuombi kuruka. Tunaomba kukaguliwa.

Tumeambiwa kwamba mtu akitaka cheti cha kuendesha biashara ya ndege za abiria anapitishwa katika hatua tano, kuanzia mazungumzo ya awali, maombi rasmi, ukaguzi wa nyaraka, ukaguzi wa vitendo, hadi cheti chenyewe. Tumeambiwa kila ndege ina kumbukumbu zake: saa ilizoruka, mara ilizopaa na kutua, kifaa gani kilibadilishwa, lini, na fundi gani aliyeweka saini. Kuna vipuri vinavyotolewa vikiwa vizima kabisa kwa sababu tu umri wake umekwisha. Jambo hili tulipolieleza stendi ya Katesh, fundi mmoja aliomba turudie, kisha akaondoka bila kuaga.

Sisi hatudharau chombo cha mtumba. Ndege ya miaka 20 inayofunguliwa mpaka mifupa kwenye matengenezo makubwa, ikafungwa upya na watu wanaoweka saini, tungeipanda tukiwa tunasinzia. Dunia ilijifunza hilo kwa uchungu. Aprili 1988 ndege ya Boeing 737 ya Aloha Airlines ilivuliwa sehemu ya paa ikiwa angani huko Hawaii. Ilikuwa na umri wa miaka 19 na ilikwisharuka na kutua zaidi ya mara 89,000. Mhudumu mmoja alipoteza maisha. Baada ya hapo wakaguzi wa ndege walianza kuuogopa uchakavu kuliko walivyoogopa radi. Coaster yetu nayo ilivuliwa paa, lakini gereji, kwa hiari, likawekwa la juu zaidi ili gari liitwe la kifahari. Nguzo zilizobeba paa la zamani ndizo zinazobeba jipya. Hakuna aliyeweka saini popote, isipokuwa mchora herufi, ambaye ameacha namba yake ya simu chini ya neno CLASS.

Hapa ndipo tunapoona tofauti kati ya anga na vumbi. Mwishoni mwa 2022, injini za ndege za A220 zilipoleta matatizo duniani, ATCL ililazimika kuziegesha baadhi na kufuta safari. Watu walilalamika, na haki yao. Lakini ndege ziliegeshwa. Hakuna aliyesema zipakwe rangi, ziongezwe pazia, zipandishwe nauli. Huku kwetu injini ikiumwa, siti zinashonwa.

Taifa nalo linajua gharama ya chombo kuukuu kinachopokewa kwa vigelegele. Mwaka 2007 ATCL ilikodi Airbus A320 kutoka kampuni ya Wallis Trading. Ikaruka miezi michache, ikapelekwa nje kwa matengenezo makubwa, na deni lake likabaki angani kwa miaka mingi baada ya ndege yenyewe kutua. Tunalitaja kwa sababu mwenye gari naye anasema amekopa ili kukarabati, na sasa ni sisi tunaolipa mkopo wa lesi.

Suala la spea lisikutie shaka. Hanang na Kanada tunajuana. Wao ndio waliosaidia mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, kuanzia Basotu hadi Mulbadaw, ekari zipatazo 100,000, juu ya malisho ya Wabarabaig, ambao walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu na kushindwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Hilo ni la barua nyingine. Tunachotaka kusema ni kwamba mashine za Kanada zikizeeka huku hazizikwi. Na kwa kuwa Q400 na A220 nazo zimetoka Kanada, ndege yenu yoyote ikipata hitilafu jirani na Mlima Hanang msisite kutuona. Tuna waya na tuna wachomeleaji.

Kwenye ukaguzi wa vitendo tunatarajia kufaulu vizuri. Tumesikia kwamba ndege kubwa haipitishwi mpaka watengenezaji waoneshe kuwa abiria wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, tena nusu ya milango ikiwa imefungwa. Coaster yetu ina mlango mmoja na kitasa chake kiko mfukoni mwa konda, lakini abiria wa Dirma akisikia harufu ya waya kuungua hahitaji mlango. Madirisha yanatutosha. Kinachotusumbua ni pazia, ambalo siku moja harufu hiyo iliposikika lilimfunga mzee mmoja kichwani, akatoka dirishani akiwa amelivaa.

Liko jambo moja ambalo kanuni zenu hazijaligusa, nasi tunaomba mwongozo wa haraka kabla ya masika. Gari likikwama kwenye udongo mweusi, je, abiria wa daraja la biashara anasukuma? Mwenye gari anasema hapana, amelipia kutosukuma. Sisi wa nyuma tunasema tope halina daraja. Msimu uliopita mwalimu mmoja mstaafu aliyelipa nauli ya mbele alikataa kushuka, akabaki kwenye ngozi nyekundu na soda yake, akitutazama kupitia kioo. Tukamsukuma pamoja na gari. Lilipochomoka likaondoka na yeye na dereva, likasimama mbali, kwenye ardhi kavu, tukalifuata kwa miguu tukiwa tumebeba viatu mkononi. Kwa hesabu ya saa ya konda, daraja la biashara lilifika kavuni mapema kuliko daraja letu. Huo ndio muda pekee ambao 3,000 ya mtu imewahi kuzaa matunda.

Tunaambatanisha nakala ya tiketi, ambayo haina jina la abiria wala namba ya siti ila ina picha ya ndege. Tunaambatanisha pia kipande cha sponji. Mkaguzi wako atakapokuja, aje na viatu vya mvua na asikae siti ya pili kushoto. Nauli tutamchangia sisi, ya daraja la nyuma.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Abiria wa Dirma.

Nakala: Ofisi ya Kata, mwenye gari (kwa mkono wa konda).

N.B. Mwenye gari ameisoma barua hii na hana pingamizi. Anaomba tu ajulishwe siku ya ukaguzi mapema, rangi iwahi kukauka.