Muulize Shangazi Springi

*Shikamoo Shangazi. Nimeifunga IST yangu springi fupi, ilale chini kama za vijana wa Dar. Sasa nikiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, tairi la mbele likitumbukia shimoni nasikia "ko!" Fundi kasema nitazoea tu. — Mlalachini, Soni*

Marahaba, mwanangu. Aliyezoea ni fundi. Wenzako wanazinyanyua IST kwa raba ziruke mawe, wewe umeishusha, tena kwenye kilomita 33 za makona. Haya, mapenzi hayaulizwi.

Gari likisimama, uzito wake unaibana springi na kila kitu kinaonekana kimetulia. Kasheshe huanza tairi likining'inia. Kama fundi kakuachia shokapu zile zile ndefu, zinajivuta mpaka mwisho ilhali springi imeshamaliza urefu wake. Hapo inabaki inacheza kati ya sahani ya juu na ya chini, haina wa kuishika. Tairi likirudi kubeba mzigo, springi inatua popote inapopata. Hiyo ndiyo "ko" yako.

Usiniamini mimi. Piga jeki, weka stendi, acha tairi lining'inie, kisha ishike springi uizungushe kwa mkono. Ikizunguka kama bangili, dawa ni shokapu fupi zinazolingana nayo. Ikikataa, chukua tochi utazame ncha ya chini. Kwenye sahani pana kizuizi kidogo cha chuma, na ncha ya springi inatakiwa ikae hapo. Niliwahi kuchungulia moja: ncha imepanda juu ya kizuizi, raba ya chini imetafunwa imekuwa kama ganda la ndizi lililokanyagwa, na rangi imekwanguka hadi chuma kinang'aa. Kazi ya fundi aliyewahi futari.

Na kama mlio unatoka ukikata usukani gari likiwa limesimama, kagua beringi ya juu ya shokapu. Ikigoma kuzunguka, springi inajisokota, inang'ang'ana, halafu inaachia kwa kishindo.

Ukimaliza, bushi zikazwe matairi yakiwa chini, siyo yananing'inia, na ukapime alaimenti.

*Shangazi, springi fupi bei juu. Nikate za zamani kwa grinda? — Mbanahela, Mlalo*

Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata mmoja inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, maana mzigo ule ule sasa unabebwa na waya mfupi. Na ile ncha iliyosokotwa ikalie sahani umeiacha kwenye sakafu ya gereji. Atakayekushauri uichome kwa gesi ili ishuke, mwamkie vizuri uondoke. Chuma hicho kikipikwa hakirudi.

*Shangazi, mume wangu kaishusha Noah, na ndiyo tunayobebea kabichi kutoka Lukozi. Nifanyeje? — Mama Kabichi*

Pole, mama. Springi fupi imekula nafasi ya kubonyea. Ukipakia magunia, kile kidogo kilichobaki kinaisha, kila tuta bodi inagonga raba za kuzuia, na kinachopokea kishindo ni mgongo wa abiria. Siku ya gulio endesha wewe. Yeye mpandishe nyuma, juu ya kabichi, Lukozi mpaka Lushoto. Springi za zamani usizitupe.