Mbio za Bure

Daktari aliniambia kukimbia ni bure. "Huhitaji kulipia jimu, mzee wangu. Vaa raba, ingia barabarani." Ni wazi haishi kwetu Temeke. Huku mtu mzima hakimbii peke yake alfajiri, labda awe amekwapua simu. Unajiunga na klabu ya jogingi.

Na klabu ina katiba. Kuna kiingilio, kuna fulana yenye picha ya mlezi wetu, mheshimiwa ambaye sijawahi kumwona akikimbia hata mvua. Kuna mchango wa msiba, wa harusi, na wa kuzipokea klabu rafiki zikija kututembelea. Presha ninayoishusha kwa miguu inapanda upya kila mweka hazina anapoandika kwenye kundi la WhatsApp.

Jumapili tunatoka kabla jua halijachomoza, ingawa joto la Dar lenyewe halikulala. Mwimbishaji anaanzisha chenja, wenye mapafu wanaitikia. Mimi nina pumzi ya kazi moja tu: nikiitikia sikimbii, nikikimbia siitikii. Nyuma yangu kijana anafoka, "Mzee, itikia basi, unatupoza!"

Kisha nakumbushwa kwamba hii ni nchi ya wanariadha. Sawa. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, na Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025. Lakini hao ni watu wa Karatu na Singida, wamekulia juu huko kwenye hewa nyepesi. Mimi nimezaliwa usawa wa bahari, na mwili wangu hauna nia ya kupanda.

Ninayemwelewa ni John Stephen Akhwari. Kwenye marathoni ya Olimpiki kule Mexico, mwaka 1968, aliingia uwanjani wa mwisho, goti limefungwa bandeji, na dunia ikamfanya shujaa. Mimi naingia wa mwisho kila Jumapili, naambiwa supu imeisha.

Maana mbio zetu huishia kwenye supu ya mbuzi na chapati. Wanaotangulia wanarudisha mafuta yote waliyoyachoma na ziada juu yake. Mimi niliyeteseka zaidi naambulia ndimu na pilipili.

Nikalalamika kikaoni kwamba sisi wa nyuma tunaonewa. Hoja yangu ilipigiwa makofi, ikapitishwa bila kupingwa: kuanzia mwezi ujao, kila mwanachama atoe mchango wa sufuria kubwa zaidi.